Mama Alipofungua Boneti

Usiku ule nilipanda kitandani na maneno ya mdogo wangu Festo yakiwa bado sikioni. Alikuwa amenipigia simu jioni. "Kaka, gari nilikukabidhi zima. Mama kaliendesha, halikuchemka. Mimi nikaliendesha, halikuchemka. Limefika kwako Profesa, linachemka. Umeliua gari la mama, na Jumapili nitawaambia wajomba hivyo hivyo."

Mimi si profesa. Nina shahada mbili na safu ya makala gazetini, basi ndugu zangu wakitaka kunitukana hunipandisha cheo.

Gari lenyewe ni pikapu aliyotuachia marehemu mama, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitunguu pale Ilula. Geji yake ya kilomita ilishazunguka yote ikaanza upya, kama mzee aliyerudi kuwa mtoto. Tangu Festo anikabidhi, kila nikipanda kilima, mshale wa joto unapanda nami. Fundi wa kwanza alibadilisha feni. Wa pili aling'oa themostati akaitupa, akisema hizo ni za watu wa nchi za baridi. Wa tatu aliitazama mikono yangu laini akasema tatizo ni dereva. Huyo wa tatu ndiye niliyemwamini. Usingizi ulinikuta nimeshajihukumu.

Nikajiona naupanda Mlima Kitonga. Malori yalikuwa yamesimama pembeni, yamezima taa kama watu waliofumba macho ili wasione aibu yangu. Mshale ukapanda, ukapita alama nyekundu, ukaendelea kupanda mpaka ukatoka nje ya dashibodi. Nikageuka kushoto. Mama ameketi pale, na kitenge chake cha safari na zile ndala. Sikushtuka. Ndotoni mtu hashtuki panapostahili.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kikwetu.

Alikuwa ananusa.

"Simamisha."

Nasimamisha. Anashuka, na mguu wake unapogusa chini si Kitonga tena, ni uani kwetu Ilula. Mvuke unafuka kwenye boneti kama unavyofuka kwenye sufuria, na mama analifunua kwa ncha ya kitenge. Anaushika mkono wangu, anauweka juu ya mpira wa juu wa rejeta. Unachoma. Anausogeza hadi mpira wa chini. Baridi kama mtungi.

"Juu moto, chini baridi," anasema. "Maji hayapiti. Kuna kitu kimekaa katikati."

"Kutu, mama. Festo aliniambia maji ya njano ni kutu ya uzee."

Ananitazama vile alivyokuwa akinitazama niliporudi kutoka shule na ripoti nzuri, bila viatu. Kisha anafungua mfuniko wa rejeta, anachovya kidole, ananipaka mdomoni.

Ladha ile niliijua kabla sijajua kusema. Bizari.

Na pale pale magunia ya vitunguu yako chini yangu, mimi ni mtoto juu ya pikapu, nasoma kitabu. Rejeta imeanza kuvuja njiani. Mama anamimina bizari ndani, kijiko kimoja, ili unga uvimbe uzibe tundu na sisi tufike mjini. Tukifika, haendi sokoni. Anakwenda kwanza kwa fundi, tundu lizibwe kwa risasi ya kuyeyusha na rejeta ioshwe, maana bizari ikikaa huganda na kuziba hata njia za maji. Anayeshika kijiko ni Festo. Mimi sijainua macho kitabuni.

Nainua sasa. Festo yuko uani, mtu mzima, amekaa kwenye kigoda ametupa mgongo. Anakoroga kitu. Kucha zake ni za njano.

"Festo!"

Hageuki.

"Nilimfundisha mimi," mama anasema taratibu. "Nilimfundisha ili afike kwa fundi. Sikumfundisha ili akukabidhi wewe."

"Basi mwambie, mama. Wewe atakusikia."

"Mimi nimekufa," anasema, kama mtu anayekumbusha kwamba leo ni Jumanne. "Mwambie wewe."

Mvuke ukamfunika, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikatoka peku mpaka kwenye gari. Injini ilikuwa baridi, nikafungua mfuniko wa rejeta na kupitisha kidole ndani ya mdomo wake. Kikatoka na utope wa njano. Nikanusa. Nikakaa juu ya bampa.

Kilichoniuma hakikuwa bizari. Kilichoniuma ni kwamba siku ya kunikabidhi funguo, Festo alikula kwangu, akashiba, kisha akaweka kiganja juu ya boneti akaliombea gari safari njema, na mimi, kwa sauti ya kisomi, nikaitikia amina. Alijua limezibwa na nini wakati anaomba. Na Jumapili angesimama mbele ya wajomba kunishitaki kwa kilichotoka mikononi mwake.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Vipi, Profesa? Maiti yako imeamka?"

"Mama amekusalimia," nikamwambia.

Nikangoja acheke. Upande wa pili nikasikia sauti ya mkewe, kisha mlango ukifungwa taratibu. Alipozungumza tena, alikuwa ananong'ona.

"Kasema nini?"