Paka Aliyerudishwa Kibara

Sikumpenda yule paka, nisije nikajifanya. Kwetu Kibara paka hapewi jina, hapikiwi wala halali kitandani. Kazi yake ni panya, na ujira wake ni vichwa vya samaki. Huyu alikuwa wa mama yangu, na aliingia nyumbani kwangu Nyakato, mjini Musoma, siku moja na mama mwenyewe, akiwa ndani ya kiroba.

Baada ya matanga ya baba, ukoo ulikaa kikao uani bila mama. Mama alikuwa ameshaanguka mara mbili akitoka kuchota maji ziwani, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kaka yetu mkubwa, aliyehamia Butiama kulima, ndiye aliyeongoza maneno. Akasema mama hawezi kubaki peke yake, aende Musoma akae kwangu.

"Wewe huna mume wa kukukataza," aliniambia mbele ya watu, na wajomba wakatikisa vichwa kukubali.

Nilikuwa na meza ya mitumba sokoni Bunda. Nilikuwa natoka alfajiri na kurudi jioni, na meza ile ilinisomeshea watoto wawili. Hakuna aliyeiulizia. Maneno ya kaka yaliniuma, lakini nilikubali, na msiba wa kujitakia hauna kilio.

Ilibaki kumwambia mama. Kwetu mjane haachi kaburi la mumewe. Mama alikuwa akiamka anafagia kwanza kuzunguka kaburi la baba, kisha ndipo anafagia mlango wake. Tungemwambia anahama, asingeinuka kwenye kigoda. Kwa hiyo tulimwambia anakwenda Musoma kutazamwa macho, wiki mbili tu, halafu anarudi.

"Na paka nani atamlisha?" akauliza.

Nikasema paka naye atakuja. Kaka akamtia kirobani, akafunga mdomo kwa kamba, akakizungusha kiroba mara tatu pale uani, kama tunavyofanya tukimhamisha paka ili asijue njia ya kurudi. Mama alisimama anatazama. Kutoka Kibara mpaka Bunda, na kutoka Bunda mpaka Musoma, paka alilia chini ya kiti na abiria walitucheka.

Macho yalitazamwa, dawa ikatolewa. Wiki mbili zikaisha, ikaisha miezi. Kila mama alipouliza tunaondoka lini nilikuwa na jibu: dawa haijaisha, mvua zimeharibu barabara, kaka hajatuma nauli. Ilipofika kama mwezi wa sita akaacha kuuliza. Nilishukuru sana. Nilidhani amezoea.

Paka hakuzoea. Mchana alilala chini ya kitanda cha mama kama mgonjwa. Usiku ukiingia alianza kuzunguka. Jirani yangu wa mlango wa pili anafuga vifaranga vya kuku wa nyama, na alikuwa ameniambia bila kuficha kwamba ameweka sumu, paka wa mtu akifa asilaumiwe. Basi ikabidi afungiwe ndani. Na kwa kuwa mama aliwahi kumfungulia usiku mmoja, nikawa nafunga mlango kwa ufunguo, naufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, nalala nao.

Nyumba yangu ni vyumba viwili. Mama alilala cha mbele, chenye mlango wa kutokea, mimi cha ndani pamoja na marobota ya nguo nilizoshindwa kuziuza. Nikiwa kitandani nilisikia yote. Kwanza kilio, kirefu, cha kukwaruza moyo. Kisha kucha mlangoni. Kisha ndoo inagongwa, na mkono wa kitasa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Paka ana akili, nilijisemea, anarukia kitasa.

"Wewe paka!" nilipiga kelele kutoka ndani. "Nitakutupa jalalani!"

Kitasa kilinyamaza papo hapo. Asubuhi nilimuuliza mama huyu mnyama wake ana nini.

"Anataka nje," alijibu, akaendelea na uji wake.

Nilikuwa sipati usingizi, na mchana nilikuwa siwezi kutoka. Nikienda dukani kununua sabuni nilirudi nakimbia, nikihofia mama ameanguka. Meza yangu ya Bunda alishaichukua mwanamke mwingine. Niliambiwa kwa simu, mwenyewe sikwenda hata kugombana. Nilikaa kizingitini tangu asubuhi mpaka jua lizame, nikiwatazama vifaranga wa jirani ndani ya wavu wao. Kuna siku nilimchukia mama yangu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jirani ndiye aliyelimaliza jambo hili. Alikuja na kikombe cha chumvi aliyoazima, akasimama mlangoni.

"Dada, paka anayeliaga hivyo kila siku siyo wa bure. Mrudishe alikotoka, na sisi tulale."

Kumbe ni rahisi hivyo! Jumamosi nikamwomba huyo huyo jirani akae na mama, nikamtia paka kirobani, nikapanda basi. Sikuwahi kuufurahia mwendo wa Bunda kama siku ile.

Kibara nilimkuta shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye nyumba yake inapakana na ya mama. Nilifungua kiroba uani. Paka alitoka, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko la zamani, bila kugeuka. Nilicheka peke yangu. Uani majani yalikuwa yamefyekwa, ila kuzunguka kaburi la baba yalinifika magotini.

"Tunafyekaga huku kote," shangazi alisema alipoona natazama. "Ila pale ni pa mke wake. Tunamngoja."

Nilisema ndiyo, shangazi. Sikumwambia tulichopanga kikaoni, yeye hakuitwa. Niliwahi basi.

Nyumbani mama alikuwa amekaa kitandani.

"Amefika?"

"Amefika, mama."

"Aliogopa?"

"Wala. Alienda nyuma ya jiko."

"Anapajua," akasema, na nilimwona akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Nikafunga mlango kama kawaida, nikaenda kulala, nikalala kweli.

Niliamshwa na kitasa. Kinapanda, kinashuka. Nilikaa kitandani nikisikiliza, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba paka amerudi. Kutoka Kibara, kwa miguu, usiku mmoja. Niliwasha tochi ya simu nikatoka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa kitenge chake cha kwendea kanisani, kilemba amekifunga vizuri, ndala ameshika mkononi. Mkono mwingine ulikuwa kwenye kitasa. Hakushtuka.

"Mama, unafanya nini?"

"Lala, mwanangu."

"Kumbe siku zote ni wewe?"

"Na paka pia," akasema. "Tulikuwaga wawili. Ukipiga kelele, tunaacha."

Nilitaka kumwambia kuhusu sumu, kuhusu macho yake, kuhusu kikao na maneno ya kaka. Kabla sijaanza, mama alikaa taratibu ukingoni mwa kitanda, akaziweka ndala zake sakafuni, moja kando ya nyingine.

"Yule umemrudisha kwa sababu alikuwa analia, eeh?"

Niliinamisha tochi sakafuni, penye ndala zake.

"Ningejua," mama akasema, bila hasira yoyote, "na mie ningekuwaga nalia."