Nilivyommwagia poda profesa wa Anitha

ANITHA WANGU AMEINGIZWA KWENYE CHAMA CHA WAKALI WA HESABU CHUONI!!!

Salamu baadaye jamani, ngojeni kwanza niwaambie.

Asubuhi kwenye gari aliniomba, "Mama, please, leo usimwage poda."
Nikamwambia sawa mwanangu.

Lakini mtoto afaulu asimwagiwe poda? Kule kambi ya wakimbizi tulilelewa hivyo?

Ukumbi kimya kama msibani. Wakaita jina lake.
Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mbele.
Nusu kopo la poda kichwani!

Kumbe profesa alikuwa ameinama anampa mkono. Suti nyeusi ikawa nyeupe 🙈

Anitha akafunika uso. "Mama! Oh my God!"
Hapo nikajua nimemwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Nilitamani kulia.

Profesa akafuta miwani, akauliza hii ni nini. Anitha akamjibu polepole kwamba kwetu ndivyo tunavyompongeza aliyefaulu.

Mzee wa watu akainamisha kichwa: "Basi niongezee."

Wenzake Anitha wote wakapanga foleni! Na aliyeninyang'anya kopo awamwagie? Anitha mwenyewe 😂😂

Ndugu zangu wa Columbus na Buffalo, msiniletee habari za overtime kazini. Njooni kwangu hapa South End tumpongeze, kila mtu na kopo lake, Jumamosi hii!