Nani Atamzalisha Coleta

Mimba ya Coleta ilipotimiza miezi mitano, watu wa Laela waliacha kumuuliza sare za shule zitakuwa tayari lini. Wakawa wanamuuliza atajifungulia wapi, na kabla hajafungua mdomo wanajijibu wenyewe. Coleta ni fundi cherehani, ana kibaraza chake karibu na stendi, na mtu aliyekaa kwenye cherehani hana pa kukimbilia. Mama aliyeleta gauni kupunguzwa kiuno alikuwa na mkunga wake wa kumsifia. Hata kijana wa bodaboda aliyekuja kubadilishiwa zipu ya suruali alikuwa na wake.

Mumewe, Theodory, huwapimia mahindi wanunuzi wa nafaka. Ni mtu mpole, na upole huo ndio uliomchosha Coleta kuliko maneno ya wateja. Akimuuliza, "Wewe unaonaje?" Theodory anajikuna shingo na kusema, "Tumsikilize mama."

Mama mkwe mwenyewe alifika mwezi Mei kutoka Kate, na unga wa ulezi na blanketi zito. Hakuficha shida iliyomleta.

"Nimekuja kukuchukua," alimwambia Coleta. "Bibi Rosina alimzalisha Theodory na wadogo zake wote sita. Mikono yake ni myepesi. Huwezi kwenda kwa watu usiowajua na mimba ya kwanza."

"Mama, kwenda Kate lazima nipite Sumbawanga. Yaani niipungie mkono hospitali, halafu niendelee na safari?"

"Hospitali haimjui mtoto wetu," mama alisema, na kwake mambo yakawa yamekwisha.

Coleta hakuwa na ugomvi na wakunga wa jadi. Alichotaka ni mtu mmoja wa kumwambia wazi nini kitatokea siku ile. Kliniki ya kwanza alijaribu kuuliza: uchungu ukianza yuko nyumbani, afanye nini? Nesi hakuinua kichwa. "Utakuja. Kwani wenzako wanafanyaje?" Kisha akaita jina la anayefuata.

Kliniki iliyofuata alimkuta mkunga mwingine, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, jina lake Baltazari. Alimsimamisha ukutani, akampima urefu. Akampima tena.

"Sentimita mia moja arobaini na saba," alisema, akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. "Kaa, dada. Unaogopa nini hasa?"

Tangu mimba iingie hakuna aliyemuuliza hivyo. Coleta alisema yote: kufa, kuchanika, mtoto kukwama, kufokewa. Baltazari alisikiliza, akajibu moja baada ya jingine, wala hakumwambia asiogope. Kabla hajainuka kitini Coleta alikuwa ameshaamua.

"Basi wewe ndiye utanizalisha, daktari."

"Mimi ni mkunga, siyo daktari. Na sitakuzalisha. Mimba ya kwanza na urefu huu, unahitaji mahali penye chumba cha upasuaji, kama kitahitajika. Ukifika wiki ya thelathini na saba nenda Sumbawanga, ukae karibu na hospitali. Usisubiri uchungu ukukute huku."

Coleta nusura acheke. Amepata mkunga anayemtazama usoni, naye anamkataa.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama alikuwa amesikia tayari, maana Laela habari hutembea upesi kuliko mguu.

"Mwanamume?" aliuliza wakiwa wanakula. "Mwanamume akuangalie utupu wako?"

"Ameangalia urefu wangu tu, mama."

"Anajua nini kuhusu uchungu? Ameshazaa?"

Theodory alikuwa akiutazama ugali kana kwamba umeandikwa jambo la muhimu. Coleta alimngoja aseme neno. Aliomba aongezewe mboga. Ndivyo ilivyokwenda wiki tatu nzima, asubuhi mama na Bibi Rosina wake, mchana wateja, jioni ukimya wa Theodory. Mwishowe Coleta aliweka mkasi chini.

"Haya. Tunakwenda Kate, wewe na mimi, mama. Nikasimame mbele ya huyo bibi, anitazame, aseme mwenyewe."

Walilala Sumbawanga kwa ndugu, kesho yake wakapanda gari la Kate. Barabara ilimtikisa Coleta mpaka akashikilia tumbo kwa mikono miwili, na kila shimo akamhesabia mumewe kama deni.

Bibi Rosina alikuwa uani anapepeta ulezi. Mwanamke mwembamba, kilemba cheusi, sweta la kiume.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tembea mpaka pale jikoni, urudi."

Coleta akatembea, akarudi.

"Unavaa kiatu namba ngapi?"

"Thelathini na nne."

Bibi Rosina aliweka ungo chini, akamgeukia mama. "Nani alikwambia mimi bado ninazalisha?"

Mama alitabasamu kama aliyesikia utani. "Bibi, si kazi yako hiyo."

"Ilikuwa. Huu mwaka wa tatu nimeacha. Vidole vinakufa ganzi. Wakinijia, ninawasindikiza zahanati, basi. Na huyu hata enzi zangu nisingemgusa. Mdogo kwa kimo, mguu mdogo, na hiyo ndiyo mimba ya kwanza. Nilimpoteza mmoja wa namna hii, sitaki wa pili. Mpeleke hospitali."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Coleta alitoka, akakaa juu ya kinu kilicholazwa nje ya jiko. Alitaka kucheka, lakini yaliyotoka ni machozi ya hasira. Wiki tatu za kelele, siku mbili njiani, kwa ajili ya mkunga aliyestaafu. Alimpigia mumewe.

"Simu moja, Theodory. Bibi ana simu. Simu moja tu ingetosha."

"Pole, mke wangu. Mimi nilidhani mama..."

"Najua ulichodhani," alisema, akakata.

Alipofuta uso alimwona Bibi Rosina amesimama kando yake.

"Huko hospitali utakaa na nani?"

Coleta alifikiria. Mama yake mzazi alikwishafariki. Akamfikiria mama mkwe, siku zote zile, chumba kimoja.

"Nikikuomba wewe, bibi, utakuja? Usinizalishe. Ukae nami tu."

Bibi Rosina alijishika mgongo. "Nitakuja," alisema. "Lakini nauli iwe ya kiti cha mbele. Nyuma mgongo wangu haukubali."

Mama alinuna njia nzima ya kurudi. Walipofika Laela alianza kumweleza mwanawe kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kwenda Sumbawanga. Theodory alijikuna shingo, akamtazama Coleta, kisha akasema, "Mama, Coleta ameshaamua." Ni maneno matatu, lakini jasho lilimtoka.

Mwisho wa Julai Coleta na Bibi Rosina walipanga chumba nyuma ya hospitali. Upepo ulikuwa wa kukata masikio, wakalala wamevaa masweta. Siku ya kumi na moja, alfajiri, uchungu ulianza.

Mkunga wa zamu aliitwa Angela, msichana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Coleta hakuwahi kumwona. Aliambiwa apande kitandani, ageuke, anyooshe mguu, yote kwa haraka kiasi kwamba alitaka kumwambia yeye siyo gunia. Lakini Angela aliifungua kadi, akakuta maandishi mekundu, akatulia.

"Nani amekuandikia hivi?"

"Baltazari. Wa Laela."

"Ameandika vizuri."

Kuanzia hapo alirudi kila baada ya muda kumpima. Saa sita mchana njia ilikuwa imefunguka sentimita sita. Saa nane ilikuwa ile ile, sita. Bibi Rosina, aliyekuwa akimsugua mgongo, alisimamisha mkono, na Coleta aliona uso wake umebadilika. Angela naye hakungoja. Alimwita daktari, na kabla ya saa tisa na nusu mtoto wa kike alikuwa ametolewa kwa upasuaji, kilo mbili na gramu mia tisa, analia kwa ghadhabu.

Asubuhi ya pili simu ilianza kuita. Alikuwa mama, kutoka Laela, ana jina la mtoto na ana mtu wa kumwogesha. Coleta alimkabidhi Bibi Rosina simu.

"Coleta amelala," bibi alisema.

Coleta alikuwa macho kabisa. Alikuwa akihesabu vidole vya mguu wa mwanawe, na alikuwa amefika saba.