Bati Lililoangukia Gari la Pasta

Mimi ni fundi wa mapaa, nyumbani Kitale. Mwaka jana nilikuwa nikiezeka kanisa kule Tongaren, upepo ukaninyang'anya bati na kuliangusha juu ya gari la pasta. Kioo cha mbele kikavunjika chote.

Pasta alitoka mbio. Nilishuka ngazi, nikamwambia nina bima ya kazi, ile inayolipa nikiharibu mali ya mtu.

"Bima ya nini, fundi? Si Mungu ndiye mlinzi wetu?"

"Ni kweli, pasta. Sasa nimpigie yeye simu, ama nipigie watu wa bima?"

Alitazama kioo, akatazama mbinguni, akarudi kwenye kioo.

"Piga kwa bima kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo mwingine nitaongea naye mimi."

Mkaguzi wa bima alitoka Bungoma mjini, akapiga picha gari, ngazi na hata mimi, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Bima ikalipa, kioo kipya kikawekwa. Jumapili iliyofuata pasta alinisimamisha mbele nitoe ushuhuda. Nilieleza habari za bima tu, na waumini wakaitikia amina kwa nguvu kuliko walivyoitikia mahubiri.