Gunia Lenye Uzito wa Mama

Watu wa Mabanga, mtaa wetu hapa Goma, walipoanza kuniona nanyanyua mawe uani, kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema natafuta mchumba. Wengine walisema nataka kazi ya ulinzi kwenye nyumba za wenye pesa kule Himbi. Mama mmoja muuza makaa aliapa mbele yangu kwamba najitayarisha kuingia msituni na watu wa bunduki, akanisihi nisifanye hivyo. Nikamwambia asante mama, siendi popote, akaendelea kunisihi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Angeuliza mtu, ningemjibu kwa kifupi: nataka kumbeba mama yangu. Basi! Vita vikirudi, na katika mji wetu vita havijawahi kusahau njia ya kurudi, nataka nimbebe mimi mwenyewe, mgongoni kwangu, mimi mtoto wake wa kwanza na mwanamume pekee aliyebaki nyumbani.

Maana mara ya kwanza nilishindwa. Mama alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, akipanda na kushuka njia ya Butembo juu ya malori, mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya magunia yake akavunjika nyonga. Nyonga ilipona vibaya. Tangu hapo alitembea kwa fimbo, hatua moja, kupumzika, hatua nyingine. Sasa fikiria mtu huyo siku milio ya mabomu inapokaribia na mtaa mzima uko mbio. Niliinama, nikamwambia panda mama, akapanda. Na mama alikuwa mwanamke mwenye mwili, mnene wa kujivunia, mwili wa mtu aliyekula maharagwe yake mwenyewe. Sikufika hata mlangoni. Tulianguka wote wawili juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo huku kwetu ndiyo ardhi, yeye juu, mimi chini, magoti yanavuja damu.

Aliyembeba ni jirani yetu, muuza nyama, jitu lenye shingo pana kama ya ng'ombe anaowachinja. Alimwinua kama mtu anayeokota kofia yake, akaenda naye. Nilifuata nyuma nimeshika fimbo ya mama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu siku hiyo, kushika fimbo.

Vita vilipopoa tukarudi nyumbani, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Kila asubuhi nikipita mbele ya kibanda chake cha nyama, jirani alipaza sauti mtaa mzima usikie: "Eeh kijana! Mama yangu ameamka namna gani?" Mama YAKE! Nikimjibu, anacheka. Nikinyamaza, anawaeleza wateja upya jinsi alivyombeba, na kila mara njia inazidi kuwa ndefu. Alikuwa ametuokoa, ningemfanya nini? Nilikula hasira zangu nikapita.

Kwa hiyo niliamua kujenga mwili. Nilikuwa mwembamba wa kuzaliwa, mbavu nje, mabega yametokeza kama pembe za kitanda. Na kwetu Goma mtu mwembamba haachwi akae na wembamba wake kwa amani. Ni mgonjwa, au ana minyoo, au kuna mtu anamla kwa uchawi. Shangazi zangu walinipa dawa ya minyoo mara nyingi kiasi kwamba nadhani hata minyoo ya majirani ilihama. Haikusaidia kitu. Nilikula kama wengine, nikabaki kama nilivyo.

Nikaenda kwa kocha mmoja aliyekuwa na uwanja wa mazoezi nyuma ya nyumba yake. Vyuma vyake vilikuwa ekseli za magari mabovu, na uzani ulikuwa saruji iliyomiminwa ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Alinizunguka akinitazama kama mnunuzi anayetazama mbuzi aliyekonda. Akasema: "Weye hauna shida ya mazoezi. Uko na shida ya chakula. Kula mayai. Kula maharagwe, karanga, avoka, visamaki vya sambaza. Kunywa maziwa ya Masisi. Halafu ulale sana." Ulale sana! Goma! Nilimuuliza kama ana mahali anapolala yeye ambapo bunduki hazisikiki, anionyeshe. Akasema niache mdomo, nilale kifudifudi nijisukume juu kwa mikono, nipige pompe.

Nikapiga pompe. Nikatengeneza vyuma vyangu vya kopo na saruji. Lakini nilichokitaka si kifua, ni mgongo na miguu ya kumbeba mtu mmoja maalumu, kwa hiyo nilihitaji mzigo wenye uzito wake kamili. Nilimuuliza mama ana kilo ngapi. "Unataka kuniuzisha?" akasema. Nikamwomba apande kwenye mizani ya muuza maharagwe. Akasema kwa miaka yote amepima maharagwe ya watu kwenye mizani ile na hatakaa yeye mahali pa maharagwe.

Mwishowe tulikubaliana kitu kimoja. Nililaza ubao mrefu juu ya jiwe la volkano uani. Upande mmoja akakaa mama, kanyooka, fimbo magotini, uso wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Upande wa pili nikaweka gunia, nikawa natia mawe, jiwe baada ya jiwe, mpaka mama akanyanyuka taratibu kutoka ardhini. Alipiga ukelele, "Yesu Maria, nishushe!" na majirani wote wakawa wamefika kwenye ua wa matete kuchungulia. Muuza nyama naye alikuwepo, bila shaka. "Ongeza jiwe," akasema. "Mama yangu si mwepesi hivyo." Nilishona mdomo wa gunia. Hilo ndilo likawa mama yangu wa mazoezi.

Na lilikataa kuinuka. Nililibeba hatua chache likanilaza chini. Kesho yake hivyo hivyo. Mama alikaa mlangoni akichambua mboga, ananitazama.

Chakula, basi. Nilikuwa nafanya vibarua vya kupakua mizigo, na kila nilichopata kiligeuka mayai na karanga. Wiki ile ile nilipoanza kuhisi mikono yangu inabadilika, vita vikapanda kule upande wa Rutshuru, na mama mdogo, mdogo wake mama, akatufikia na watoto wake, godoro kichwani. Nisieleweke vibaya. Walikuwa wametembea, walikuwa wamepoteza kila kitu, nyumba ilikuwa yao. Lakini mayai yangu! Mama aliyatoa yote siku ile ile, akayapika, akawapa. "Mama, hiyo ni ya mazoezi." Akanigeukia. "Hii ni batoto ya mudogo yangu. Wametoka kwa vita. Unapenda ule mayai mbele ya macho yao?" Nikaenda kuwaletea maji ya kunawa.

Tangu hapo tulikula kama inavyoliwa kwetu, sahani moja kubwa ya bugali katikati, mikono yote ndani. Anayekula polepole amelala njaa. Na watoto waliotoka vitani hawali polepole. Mimi bado napuliza tonge langu la kwanza, wao wameshafika kwenye bati. Nilikasirika, kisha nikaona haya kwa kukasirika, kisha nikakasirika tena kwa sababu hata hasira yenyewe sikuachiwa niifaidi.

Kisha vyuma vikaenda. Nyumba haikututosha, mama mdogo akapewa turubai, lile tunaloliita bashi, akajenga kibanda uani. Upepo wa ziwani ukawa unalipeperusha. Nilirudi kutoka kazini nikakuta makopo yangu yote ya saruji yamewekwa juu ya kingo za bashi, yamepangwa vizuri. "Ni mazito vizuri sana," mama mdogo akanishukuru. "Umefikiri muzuri kuyatengeneza." Nikasema karibu. Sikubakiwa na kitu ila lile gunia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kulisogeza.

Hapo ndipo mama alipoanza kunificha chakula. Ananiita nyuma ya jiko, ananipa kibakuli: maharagwe yenye mawese, yai, mara nyingine sambaza. "Kula mbio, wasikuone." Namuuliza, na wewe? "Mie nakulaka jikoni, haujui?" Ni kweli, mama zetu hula jikoni, wa mwisho, wamechutama karibu na chungu, na hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kwenda kuangalia kilichobaki ndani ya chungu. Nikala mbio.

Na mwili ukaja, jamani. Shingo ikatokea. Mabega yakajaza shati. Gunia nikazunguka nalo ua mara moja, kisha mpaka barabarani, kisha mpaka kwenye kibanda cha muuza nyama na kurudi, makusudi, ili anione. Alitikisa kichwa akasema, "Mawe hayana nyonga mbovu." Hata hapo! Nikamwendea mama. "Leo nikubebe kidogo, tujaribu." Akakataa. Nikamwomba tena wiki nyingine, akakataa. "Mie siko gunia. Siku ikifika utanibeba. Sasa niache." Alikuwa amejifunga vitenge kimoja juu ya kingine, analalamika baridi, wakati mimi jasho linanitoka. Nilimwambia mtu mwenye kichwa kigumu kama chake sijawahi kuona. Akasema nijitazame.

Siku ikafika kweli. Ilikuwa mchana, mvua ilikuwa inanyesha, na milio ilianza upande wa kaskazini, ikawa inakuja. Mtaa ukafunguka, watu wakamwagika barabarani na magodoro. Muuza nyama akaingia uani kwetu bila hodi, akageuka, akainama mbele ya mama. Nikamshika bega nikamwondoa.

"Hapana. Leo ni mie."

Nikainama. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko mabomu. Mama akanikumbatia shingoni, mama mdogo akamfunga kwangu kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto, nikavuta pumzi, nikasukuma ardhi kwa miguu yote miwili kama ninavyosukuma chini ya gunia. Nusura niangukie uso. Alinyanyuka kama hana uzito. Nilipepesuka mbele kwa nguvu zangu mwenyewe nilizozidisha, nikajishika, nikaenda.

Nilimbeba kutoka Mabanga mpaka Himbi, juu ya mawe, ndani ya mvua, katikati ya watu na mbuzi na pikipiki. Sikupumzika. Nilikuwa naogopa kama kila mtu, lakini chini ya woga kulikuwa na furaha ambayo sikuweza kuizuia, na muuza nyama aliyekuwa kando yetu na mtoto wa mama mdogo kila mkono, nilimpigia kelele: "Unaona? Unaona?" Yeye alikuwa anamtazama mama, si mimi.

Tukaingia kwenye uwanja wa parokia, chini ya varanda, pamoja na watu wengi. Mama alikuwa amelowa. Mama mdogo akaanza kumfungua vitenge ili avikamue. Akatoa cha kwanza. Akatoa cha pili, na cha tatu. Akatoa cha nne, na ndani yake alikuwa ameketi mwanamke mdogo nisiyemjua, mifupa ya mabega imetokeza, mikono miembamba kama ile yangu ya zamani.

"Mama, ni nini hii? Uko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa." Akajifunika. "Usilalamike mbele ya watu."

"Mama!"

Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali ya kitoto. "Nilikuwa nakuangaliaka na lile gunia. Miguu inatetemeka, unaanguka, unaamka. Nikasema, huyu mutoto hataweza. Vita itafika mbele, misuli bado. Na chakula kilikuwa kidogo. Basi nikakupa ya kwangu. Weye uongeze kwa upande yako, mie nipunguze kwa upande yangu, tukutane."

Niliwaka. Sijui kama nimewahi kuwaka vile. Nilimwambia mbele ya parokia nzima kwamba nimevunja mgongo miezi na miezi chini ya gunia la mawe lenye uzito wa mama ambaye yeye alikuwa anampunguza kila siku jikoni, kwa siri, na kwamba nilikuwa na nguvu za kumbeba mzima, mzima kama alivyokuwa, na yeye hakunipa hata nafasi moja ya kumwonyesha! Nilikuwa napiga kelele na machozi yananitoka, na watu wakageuka kututazama. Alingoja nimalize.

"Ulinibeba ao haukunibeba?" akauliza.

Jioni masista walileta maharagwe kwa sufuria kubwa. Muuza nyama alikwenda kwenye foleni, akarudi na sahani moja iliyojaa, akaiweka mikononi mwangu bila utani wowote. Mama akaisukuma taratibu kuelekea kwangu, kama alivyozoea. Nikairudisha. Akaisukuma tena. Nikamwambia gunia liko nyumbani, uzito wake naujua na mgongo wangu unaujua, na sitoki hapa mbele yake mpaka nione chini ya sahani hii.

Akala. Alilalamika kwamba hayana chumvi, akaendelea kula. Nilikaa mbele yake nimekunja mikono.

"Sasa nitakuwa muzito," akasema, mdomo umejaa.

"Kuwa muzito, mama," nikamwambia. "Kuwa muzito."