Kichaka cha Pembeni

Nilijifunza uchoraji Dar es Salaam, kwa mwalimu aliyekuwa na sheria moja: usiache nafasi tupu. Ikibaki, weka ndege.

Nilipohamia Grand Prairie, Texas, kila Jumamosi niliendesha gari kuelekea magharibi, nikaipita Fort Worth mpaka nyumba zikaisha. Huko kulikuwa na nyasi kavu, seng'enge na anga. Nikachora hivyo hivyo: nyasi chini kidogo, kulikobaki kote anga. Mkono una mazoea yake, basi nikaweka na kichaka kimoja pembeni.

Watanzania wenzangu walinichosha. "Bado hujamaliza," walisema. "Weka hata twiga." Twiga, Texas! Niliwajibu kwamba nimemaliza, na anayetaka twiga aende Mikumi. Sikuwa na shaka hata chembe.

Siku moja jirani yangu, mama wa Kikongo aliyefanya kazi ghalani, alikuja kurudisha sufuria. Akasimama mbele ya picha ile. Nikajiandaa kwa ugomvi mwingine.

"Hapa ni pazuri, ndugu yangu," alisema. "Mutu akikuya, unamuona angali mbali."

Nilifurahi mno, nikamwambia aichukue, ni yake. Hakuigusa. Alinyoosha kidole pembeni.

"Ila hii kichaka uiondoe kwanza. Mutu anaweza kujificha."

Mimi, nisiyeshauriwa na mtu kuhusu picha zangu, nilichovya brashi katika rangi ya nyasi nikakifuta, naye akisimamia mpaka jani la mwisho.