Mume wangu aliweka akiba yetu kwa hisa za kiwanda chake, kisha mafuta ikapanda

Wakuu, mko poa? Leo naandika kilichotupata kwetu, sijaongeza chumvi.

Naishi Ruiru. Mume wangu, Baba Nekesa, ni mtu wa Webuye, na alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha plastiki huko Thika. Kampuni iko kwa soko la hisa. Kila mwaka tulikuwa tunaongeza shares kidogo, tukingoja zitutoshe kununua ploti ya kujenga huko Murera.

Alijivunia hiyo kitu sana. Wenye hisa wakiitwa mkutano, anavaa suti ya harusi yetu.

Sasa, kampuni ilikuwa imechukua loan kubwa ya kuleta mashine mpya. Mafuta ikiwa bei ya chini, hakuna mtu aliona shida. Benki inalipwa, na dividend, ile faida ya wenye hisa, inakuja.

Halafu mafuta ikapanda. Na plastiki, kwa wasiojua, inatokana na mafuta. Malighafi ikapanda, dizeli ya malori ikapanda, na benki haikungoja. Dividend ikakatwa. Bei ya share ikaanza kushuka, wiki baada ya wiki.

Nilimwambia tuuze. Akasema itarudi, akanionyesha kampuni nyingine ya plastiki, nayo imeshuka, eti shida ni ya wote.

Ile nyingine ilirudi. Haikuwa na loan. Yetu ikaendelea kuteremka.

Nikamuuliza tena tukinywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Mama Nekesa, hao watu wa kampuni wamenilisha miaka yote. Nikiuza ni kama nimewazika."

Nikakusanya vikombe, nikaenda kuviosha.

Baadaye kampuni ikapunguza wafanyakazi, na yeye akawa mmoja wao. Kazi ikaenda na akiba ikaenda, kwa sababu zote zilikuwa mahali pamoja. Shares tuliuza kwa bei ya kutupa, tukitafuta school fees. Murera sasa wengine wamejenga.

Siku hizi anatafuta vibarua huko Kalimoni. Bei mpya ya petroli ikitangazwa, anainuka, anazima redio, anakaa tu. Watoto wamejua wasiongee.

Nilichojifunza: kabla ununue share, uliza kampuni inadaiwa kiasi gani, na mafuta ikipanda itaumia aje. Na usiweke akiba pale pale mshahara wako unatoka.

Kama kuna mwenye amepitia hii, aniambie mzee wake alirudi aje kuwa sawa. Ya pesa nimeshaachilia.